Nani Kasema Tingatinga Hakujua Kuchora?

Siku hizi katika vijiwe vyetu vya waandishi chipukizi limezuka tusi jipya. Mtu akisoma kazi yako asiipende, hasemi ni mbaya, hasemi haina kichwa wala miguu. Anakutazama, anacheka kidogo puani, halafu anakuambia: "Ah, mshikaji, hii ni Tingatinga." Kesi imekwisha. Wote mliokaa pale mnaelewa maana yake: wahusika wako ni bapa kama bati, rangi zako zinapiga kelele, na ulichokiandika umemwandikia mtalii anayetaka chui wa kutundika sebuleni kwake Ulaya.

Nimelisikia tusi hili hapa Kasulu mjini, nimelisikia Kigoma, na rafiki yangu aliyeko Dar ananiambia kwamba huko ndiyo usiseme. Mimi mwenyewe nimepigwa nalo mara mbili. Mara ya kwanza lilitoka kwa mwenzetu mmoja ambaye hajamaliza hata hadithi fupi moja tangu tufahamiane, kwa hiyo halikuniuma. Mara ya pili lilitoka kwa mhariri wa kampuni moja ya uchapishaji, ambayo sitaitaja. Alinirudishia mswada wangu wa kurasa 180, na juu yake kijikaratasi: wahusika hawana kina, wamechorwa kama picha za Tingatinga. Mswada huo unahusu kijana wa Kiha aliyekwenda Tanga kukata mkonge.

Sikuja hapa kuutetea mswada. Ukipata kuchapwa utajitetea wenyewe, usipopata basi. Nimekuja kwa sababu yule mhariri, bila kujua, alichagua jina ambalo hakupaswa kulichagua. Kati ya wachoraji wote wa dunia hii, akamtaja manamba ili kumtukana manamba.

Tuanze na mtu mwenyewe, maana naona wengi wanaolitumia jina lake wanadhani Tingatinga ni aina ya rangi, au ni ile mashine ya kulimia barabara. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini kabisa ya nchi, upande wa Msumbiji. Mama yake alikuwa Mmakua. Shule aliionja tu. Miaka ya 1950, kijana mwenye nguvu, aliondoka kwao akaenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge.

Hapa naomba wasomaji wa Kasulu na Kibondo tusimame kidogo. Nani kati yetu hana babu, au kaka wa babu, aliyekwenda mkonge? Mkoloni aliifanya Buha yote kuwa ghala la mikono. Kodi ya kichwa ilidaiwa palepale, na zao la kuilipia kwa raha halikuwepo, basi vijana wakajiandikisha. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kukusanya wafanyakazi, kikaitwa SILABU, na kikaja mpaka huku kwetu juu milimani. Watu wakapandishwa treni Kigoma, reli ile ile iliyofika ziwani mwaka 1914, wakashushwa nchi ambayo hawajui lugha yake. Wakapewa namba na kipande. Ndipo jina la manamba lilipotoka: mtu anaitwa kwa namba, si kwa baba yake.

Babu yangu alirudi na sanduku la bati, kovu la panga kwenye goti, na Kiswahili cha Tanga ambacho wenzake walimcheka nacho mpaka anakufa. Wengine hawakurudi. Tuna ndugu huko Korogwe na Muheza ambao tunawajua kwa majina tu.

Tingatinga naye hakurudi kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliacha mkonge akaingia Dar es Salaam, akapata kazi za nyumbani na bustani kwa mzungu. Uhuru ukaja mwaka 1961, mzungu akafunga virago, na kijana akabaki na mikono yake. Akawa mtu wa vibarua, akauza mboga na matunda, akahangaika kama tunavyohangaika. Baadaye akapata kazi ya uhudumu hospitali ya Muhimbili. Na mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36, akaanza kuchora.

Miaka 36! Mimi nina 24 na wenzangu wanashangaa kwa nini bado naandika wakati sijatoka. Haya.

Alichora kwa nini na alichora juu ya nini? Wanaocheka "Tingatinga" hawajawahi kujiuliza hivyo. Alichukua silingi bodi, zile mbao laini za darini zinazouzwa dukani pamoja na misumari, akakata vipande vya mraba, vingi kama sentimita 60 kwa 60. Akanunua rangi ya mafuta ya makopo, ile ya kupakia milango na baiskeli. Turubai za wachoraji na rangi za vibomba kutoka Ulaya hakuwa nazo, na hakungoja kuwa nazo.

Sasa muulize fundi yeyote wa rangi hapa sokoni kwetu Kasulu atakwambia tabia ya rangi ile. Inang'aa. Inalala bapa. Haipendi kuchanganywa ukutani na mwenzake ikiwa mbichi. Ukiilazimisha inakuwa matope. Lazima upake moja, ungoje ikauke, ndipo upake nyingine juu yake. Ukitaka kuchora kivuli kinachofifia polepole kutoka mwanga kwenda giza, kama wanavyofundisha kwenye vitabu, rangi ya mlango itakuaibisha. Kwa hiyo Tingatinga hakugombana nayo. Alipaka kwanza nyuma yote rangi moja. Ikakauka. Akaweka mwili wa mnyama, akangoja. Kisha madoa, doa moja moja. Kisha jicho.

Picha zake halisi nimeziona vitabuni tu, lakini nimezitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyozitazama picha nyingine yoyote, na naomba kusema ninachokiona. Mnyama mmoja. Amejaza ubao wote, hana pa kwenda. Mwili umekaa ubavu, kichwa mara nyingi kimegeuzwa kukutazama wewe uliyesimama. Nyuma yake hamna mlima, hamna jua linazama, hamna mawingu. Labda kijiti kimoja chenye majani, basi. Kivuli hakuna hata chembe. Mgongo wa chui umepindwa kwa mstari mmoja ambao mkono haukusita. Madoa yake hayafuati umbo la misuli kama kwenye picha ya kamera, yamepangwa kama mtu anavyopanga shanga. Na jicho lile, jamani, jicho lile linajua kwamba unaliangalia.

Huyo hakuchorwa na mtu aliyekaa ndani ya gari la utalii. Ni chui anayesimuliwa usiku. Tunduru si mahali ambapo simba na chui ni mambo ya vitabuni. Mtu aliyekulia huko, ukimwambia akuchoree chui, hakuchorei chui alivyo. Anakuchorea chui alivyomwingia moyoni, na chui huyo hana mandhari ya nyuma kwa sababu ukikutana naye njiani hutazami mandhari ya nyuma. Watu pia aliwachora, na maisha ya kijijini, kwa mkono uleule: mwili mzima mbele, mikono na macho vimeongezwa uzito, mengine yameachwa.

Shuleni kwetu, kidato cha pili, alipita mwalimu wa muda aliyependa sanaa. Siku moja alitusomesha kuchora vitu vilivyotulia. Akaweka juu ya meza chupa ya soda na maembe mawili, akatuambia tuchore tunachokiona, na tukumbuke kivuli, mwanga unatokea dirishani. Wengi wetu tulichora chupa iliyopinda. Kijana mmoja kutoka bwenini alichora embe kubwa kuliko chupa mara mbili. Alipata sifuri. Tulipomwuliza nje kwa nini kafanya vile akajibu kwamba alikuwa na njaa.

Tulicheka sana, lakini leo najua kwamba katika darasa lile la watu 50 na kitu ni picha moja tu iliyosema ukweli wa mambo. Sisi wengine tulichora meza ya mwalimu. Yeye alichora embe.

Mpinzani wangu atasema: sawa, kijana, umeongea vizuri, ila acha kuzuga. Huyo Tingatinga alichora bapa kwa kuwa hakujua kuchora vingine. Hakusoma. Angesoma angechora vivuli kama watu.

Vizuri. Basi tumtazame aliyesoma.

Sam Ntiro, Mtanzania mwenzetu, mtu wa Kilimanjaro, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 1993. Huyu alisoma Makerere, akafundisha huko huko, akaenda London katika shule ya sanaa ya Slade, ambayo ni shule kweli kweli. Nchi ilipopata uhuru alipelekwa London kuwa Balozi wetu. Mwulize mtu wa sanaa yeyote, hakuna atakayesema Ntiro hakufundishwa mwanga na kivuli. Na akachora nini? Watu wadogo wadogo wakilima, wakivuna, wakichota maji, migomba kama imepangwa kwa mkono, nyuso zisizo na maelezo mengi, rangi zilizotulia kila moja mahali pake. Picha yake moja ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ipo Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa kule New York. London haikumbadilisha. Alitoka Slade akachora migomba yake kama alivyokuwa ameamua kuichora.

Mbona Ntiro haitwi bapa? Mbona hakuna anayesema "mshikaji, hii ni Ntiro" kwa maana ya kukudharau? Kwa sababu Ntiro ana vyeti. Mstari wake ukiwa rahisi tunasema amechagua. Mstari wa manamba ukiwa rahisi tunasema hajui. Picha zote mbili ziko mbele yetu, lakini jicho letu limekwenda kwanza kusoma cheti.

Na sisi watu wa kidato cha nne, tuliopata divisheni za kuficha, ndio tunaoongoza kwa kucheka! Hili ndilo linanitoa jasho. Angecheka profesa ningeelewa. Anacheka mtu ambaye naye akipeleka mswada wake mjini wataanza kwa kuuliza amesoma wapi.

Tuje kwenye shtaka la pili, kwamba alichorea wazungu. Ni kweli wanunuzi wake wengi walikuwa wageni. Picha zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, na mkewe, Agatha Mataka, ndiye aliyekaa nazo pale kuziuza. Oysterbay walikaa akina nani? Wageni na wakubwa. Baadaye shirika la umma la sanaa nalo likaanza kununua. Lakini hebu niambieni, angeuzia nani kingine? Kariakoo? Mwaka 1970 ni Mswahili gani alitoa shilingi zake kununua chui wa kutundika ukutani? Tulitundika kalenda. Tulitundika picha ya Rais. Nyumbani kwetu mpaka leo ukutani ipo kalenda ya mwaka uliopita wa miaka kumi, kwa sababu ina picha nzuri ya maporomoko ya maji, na maporomoko yenyewe sijui ni ya nchi gani.

Mtu anayekataa kununua hana haki ya kumlaumu muuzaji kwa kumwuzia jirani. Tusigeuze mambo. Na nyie waandishi mnaosema mnaandikia Watanzania, nawauliza kwa upole: mara ya mwisho wewe mwenyewe kununua riwaya ya Kiswahili ni lini? Si kuazima. Si kupigiwa kopi. Kununua.

Shtaka la tatu ndilo zito, nalo ni la kuiga. Hapa sitamtetea kila mtu.

Tingatinga alichora miaka minne tu. Mwaka 1972 akiwa ndani ya gari Dar es Salaam, usiku, polisi walilipiga risasi gari hilo wakidhani ni la wezi wanaokimbia. Akafa. Miaka 40. Nyuma yake aliacha vijana wachache, wengi ndugu na watu wa kwao, aliokuwa amewafundisha: akina January Linda, Adeusi, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Henrik Tedo, Simon Mpata. Nao wakafundisha wengine, na wengine wakafundisha wengine. Mwaka 1990 wakaunda ushirika wao rasmi palepale Morogoro Stores. Leo ukitembea mahali popote penye watalii, kuanzia Zanzibar mpaka Arusha mpaka Nairobi, utakuta twiga wanne shingo zimepishana, Mlima Kilimanjaro nyuma, tembo chini, madoa kila mahali. Mwaka 2010 hata televisheni ya watoto ya BBC ilianza kuonyesha katuni zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo huo, na jina wakalichukua.

Sasa ubao umekuwa kitambaa, ili mtalii akunje aweke kwenye begi. Nyuma iliyokuwa tupu imejaa. Mnyama mmoja aliyekutazama amekuwa kundi ambalo halimtazami mtu. Mtu mmoja alitoa picha moyoni mwake, watu elfu wakaitoa picha hiyo kwenye picha.

Elimo Njau, mchoraji mwingine wa kwetu, naye amezaliwa mwaka huo huo wa 1932, Marangu. Naye ni mhamaji, ila alihama kwa njia nyingine: alisoma Makerere, akaenda Kenya, akachora ukutani mwa kanisa la Murang'a, mwaka 1959, maisha ya Yesu, na Yesu mwenyewe ni Mwafrika katika milima ya Wakikuyu. Mwaka 1965 akashiriki kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi. Huyu mzee amehubiri maisha yake yote kwamba kuiga ni kumlaza Mungu usingizi. Namkubali. Lakini nikifikiria vijana wa Tunduru waliokuja Dar bila kitu, wakakuta ndugu yao ana ufundi unaolisha watoto, siwezi kuwaambia kwamba walikosea kushika brashi. Kuiga kwao kumejenga nyumba. Kumesomesha watoto.

Kuiga kwetu sisi waandishi kumejenga nini? Maana hapa ndipo tunapotakiwa kutazamana usoni. Elvis Musiba alimtoa Willy Gamba, kijasusi wake, akapendwa. Ben Mtobwa, mtu wa mkoa wetu wa Kigoma, alimtoa Joram Kiango, akapendwa. Hao walikuwa wanatoa vyao. Ila nimesoma miswada ya wenzangu, wengi tu, marafiki wa damu. Kila mmoja ana mpelelezi mrefu anayevuta sigara ghorofani, ana msichana mrembo kupita kiasi ambaye ni msaliti, ana gari linalokimbia Barabara ya Bagamoyo usiku. Mwandishi mwenyewe yuko Kasulu, hajawahi kupanda ghorofa zaidi ya moja, na gari analolijua ni Hiace ya kwenda Kigoma. Nje ya dirisha lake mama anapalilia maharage kwenye ukungu wa saa moja asubuhi na baridi ile inayoingia mifupani, na hilo haliandiki. Anasema ni ushamba. Halafu jioni, kijiweni, ndiye anayesema fulani kaandika Tingatinga!

Ningependa aandike Tingatinga kweli. Achukue mtu mmoja, amweke katikati ya ukurasa, afute ghorofa na magari, amgeuze kichwa atutazame.

Lakini msishangilie upesi, nyie mlio upande wangu. Wapo wengine wanaomtumia marehemu kwa namna nyingine, nao wananikera zaidi. Hao husema: si unaona, Tingatinga hakusoma, na sisi hatuna haja ya kusoma. Kipaji ni kipaji. Hasomi riwaya, hajui alama ya mkato inakwenda wapi, anaandika mara moja kwa mwezi akipata mzuka, akisahihishwa anasema anabaniwa. Bwana wee, hebu rudi kwenye ule ubao. Rangi moja, ngoja ikauke. Ya pili, ngoja. Doa, doa, doa. Mtu anatoka kazini hospitali amesimama siku nzima, anafika nyumbani anakaa chini na kikopo. Katika miaka minne akatoa picha nyingi na akafundisha watu. Hakusoma shuleni, sawa. Alikuwa akisoma ubao kila usiku. Wewe unasoma nini?

Na wala hakuota kama uyoga. Wako wanaosema alichukua mbegu kutoka kuta za nyumba za kwao, ambako watu hupamba kwa michoro. Wako watafiti wanaosema aliona picha za Wakongo zilizokuwa zikiuzwa Dar miaka ile, akasema moyoni, hata mimi naweza. Hili la pili wengine hulisema kwa kumpunguzia. Mimi linanifurahisha, tena kama mtu wa Kigoma linanihusu.

Kwa maana Kongo ni ng'ambo ya ziwa tu. Mjini Lubumbashi, enzi hizo ikiitwa Élisabethville, Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana baada ya Vita Kuu ya Pili. Akapokea vijana wa Kiafrika, akawaambia wachore walivyoona wenyewe. Pilipili Mulongoya akachora ndege na samaki na nyoka, mapambo kila pembe. Mwenze Kibwanga akachora kwa mistari mifupi mifupi kama mkeka. Wote wanasema Kiswahili, Kiswahili cha kwao chenye utamu wake. Picha za Kongo zikauzwa na wachuuzi, zikavuka mipaka, zikafika mpaka pwani. Kama mmojawapo wa hao wachuuzi alipita Kigoma na fungu lake, akapanda treni ile ile iliyowabeba babu zetu, basi mkonge na uchoraji vimepita njia moja.

Ndiyo maana nasema tuache kucheka, tutazame hapa hapa. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 wilayani kwetu kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Tangu hapo ufundi mwingi umevuka na watu hao: ushonaji, muziki wa gitaa makanisani, na mkono wa kuchora. Nani huchora vibao vya vinyozi hapa mjini? Nani alichora lile pipa la maziwa na ng'ombe mwenye kope kwenye kibanda cha chai? Tunapita kila siku. Tunanyolewa chini ya vichwa vile vinne vilivyopangwa ukutani, kila kichwa na mtindo wake, kila jicho limegeuzwa kutazama mlangoni, halafu tunakwenda kijiweni kulalamika kwamba Kasulu hakuna sanaa.

Kinyozi wangu ana kibao kimoja cha namna hiyo. Aliyekichora ni kijana wa ng'ambo, sitamtaja. Alitumia silingi bodi na rangi ya mlango. Nyeusi aliiacha ikauke siku nzima kabla hajaweka nyeupe ya macho, nilimwona, alikuwa akiigusa pembeni kwa kidole cha mwisho kuona kama imeshika. Mwenye kibanda alimlipa nusu. Akasema nusu nyingine ya nini, umechora watu tu, hata vivuli hujaweka.